Benchi la Zombe

Vueni viatu. Hilo ndilo la kwanza, na hata mkisahau mengine yote nitakayoandika hapa, hilo msilisahau. Mkiingia ukumbi msioujua, msianze kuangalia mapazia wala kukadiria watu wataingia wangapi. Vueni viatu, simameni katikati ya jukwaa, kisha mwambieni mwenzenu aruke pale pembeni. Mkimsikia kwa nyayo, kazi inawezekana. Msipomsikia, anzeni kuogopa mapema, maana woga wa mapema hukupa nafasi ya kutafuta njia, na ule wa katikati ya mchezo haukupi kitu.

Mimi ni Musyoka. Nimekuwa kiziwi tangu darasa la tatu, homa ya uti wa mgongo iliponipitia, na nimekuwa mwigizaji tangu siku mwalimu mmoja mkaidi alipoamua kwamba nitakuwa. Mmeniomba niwaeleze tulivyofanya kazi hii zamani, kabla hamjapata wakalimani wa lugha ya ishara na taa za kuwaashiria kuwa zamu yenu imefika. Nitawaeleza, lakini msitarajie nianzie mwanzo. Naanza na sakafu ya saruji, kwa sababu sakafu ya saruji nusura inifukuze kazini.

Mwalimu huyo mkaidi aliitwa Kimanzi. Alifundisha shule ya msingi, na siku za mapumziko aliongoza kikundi chetu cha michezo ya kuigiza. Tulizunguka Kitui na Makueni tukibeba jukwaa letu wenyewe, mbao ndefu tulizozilaza juu ya mapipa matupu ya mafuta. Wengine walilalamika kwamba zinapiga kelele. Mimi nilizipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mtu akitembea upande ule, nilijua ni nani kwa uzito wa mguu wake.

Pembeni mwa mbao alikaa Mwaitu Syombua na ngoma yake. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na sote tulimwita hivyo kwa heshima ya umri wake. Ngoma ilikuwa ya kilumi. Nyinyi mliozaliwa mjini pengine hamuijui. Kilumi ni ngoma ya akina mama wazee, ya kupandisha pepo na kuomba mvua, na Syombua alikuwa ameipiga tangu usichana wake. Kwetu aliifanyia kazi nyingine. Aliiegemeza kwenye mbao, na mwenzangu alipomaliza maneno yake nyuma ya mgongo wangu, Syombua alipiga pigo moja zito. Likapita kwenye mbao, likapanda miguuni, nikajua zamu ni yangu. Watazamaji walidhani ni pambo la mchezo.

Mtauliza kama nilizungumza kwa mdomo. Ndiyo. Homa ilinikuta nimeshajua kuongea, kwa hiyo maneno ninayo mpaka leo. Ninachokosa ni kujua yanatoka kwa ukubwa gani. Mwalimu Kimanzi alitatua hilo kwa kofia. Akikaa mbele ya watazamaji na kofia kichwani, nipaze sauti. Akiiweka gotini, nishushe. Njia nzuri sana, mpaka tulipofika Nuu. Jua la Nuu si la kuchezea, na mwalimu alikuwa na upara. Katikati ya mchezo, wakati namnong'oneza msichana kwa siri kwamba nitamtorosha usiku ule, jua likamshinda, akavaa kofia. Nikapaza sauti. Hakuelewa kwa nini napiga kelele, akabaki amekaa na kofia yake, nami nikazidi. Niliambiwa baadaye kwamba posa yangu ilisikika mpaka kwenye soko la mbuzi. Baba wa msichana kwenye mchezo alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, akijifanya hasikii, na watu wakamuuliza nani hasa hapo ndiye kiziwi.

Somo la pili la kazi hii ni midomo. Vijana huniambia siku hizi kwamba kusoma midomo ni rahisi. Sawa. Simameni mbele ya kioo mseme baba, kisha mseme mama. Mmeona? Ni neno moja. Midomo inafunga na kufunguka vile vile. Kule Kanyangi nilikuwa naigiza kijana aliyeuza mbuzi wa baba yake na kujificha chini ya meza. Mwenzangu alitakiwa kuchungulia na kusema mama anakuja, nitoke nipewe chakula. Baadaye angesema baba anakuja, nirudi mvunguni. Siku hiyo akababaika, akaanza na la pili. Nikatoka mikono mbele, natabasamu, nikakumbatiana na mwenye mbuzi na fimbo yake. Mama alipoingia na sahani ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, nikamkimbia. Watu wa Kanyangi walicheka mpaka wakakaa chini, na Mwalimu akaamua tuuache mchezo hivyo hivyo.

Nikawaeleza wenzangu njia ambayo mama yangu alinifundisha nilipotoka hospitali, nikiwa bado nalia kila asubuhi kwa sababu dunia imenyamaza. Alichukua kidole changu akakiweka ubavuni mwa pua yake. Akasema mama. Pua ikatetemeka. Akasema baba. Pua ikatulia. Tulikaa nyumba za reli kule Makindu, baba akiwa mfanyakazi wa reli, na kama watoto wengi wa reli tulizungumza Kiswahili hata nyumbani. Kwa hiyo tofauti ya maneno hayo mawili ilikuwa jambo kubwa kwangu. Tulifanya zoezi hilo jioni nyingi karibu na jiko. Baba alikaa upande wa pili wa jiko, anatutazama.

Sasa lazima niwaambie jambo la baba, la sivyo hamtaelewa yaliyotokea Zombe.

Nimepewa jina la babu, baba yake. Kwetu mtoto kama huyo baba yake mwenyewe humwita baba, kwa mapenzi na kwa heshima ya yule mzee. Kabla ya homa, baba aliniita hivyo kutwa. Baba njoo, baba umekula, baba leta maji. Homa ilinishika wakati wa likizo, nikiwa kwa bibi huko Zombe, na bibi kabla ya kunipeleka hospitali alinipeleka kwenye kilumi. Nilipoamka siku zile nilikuwa kiziwi. Madaktari walisema ni homa. Baba alisema ni ngoma. Akaokoka mwaka huo, akaichukia ngoma hiyo kwa moyo wote, na akaacha kuniita baba. Hakuniita kitu kingine pia. Asubuhi aliniamsha kwa kugonga mguu wa kitanda na fimbo yake, ko, ko, na mchana aliniita kwa kunyoosha fimbo hiyo hiyo. Nadhani aliona hakuna haja ya kumpa jina mtu asiyelisikia. Iliniuma, na sioni sababu ya kusema haikuniuma.

Alipostaafu alirudi Zombe pamoja na mama, akawa mzee wa kanisa. Nilikuwa mtu mzima, mwigizaji wa miaka kadhaa, na hakuwa amewahi kuja kunitazama hata mara moja.

Basi Zombe. Tulikuwa na mchezo kuhusu chifu mwenye ghala wakati wa njaa. Chifu nilikuwa mimi. Watu wanakuja kumwomba afungue ghala, naye anawapa mgongo, anawatazama watazamaji tu. Wa mwisho kati ya waombaji ni mjane, na anapomaliza neno lake la mwisho chifu anageuka papo hapo, anamwambia machoni, "Ghala limefungwa. Nendeni." Mchezo wote ulining'inia kwenye kugeuka kule. Nikigeuka mapema, nimemkatiza mjane na watu wanacheka. Nikichelewa, chifu anaonekana mzee aliyesinzia.

Wilaya ilitaka kupeleka mchezo huo Nairobi. Ofisa mmoja wa utamaduni akamwambia Mwalimu kwamba mchezo ni mzuri lakini bubu atawaaibisha. Mimi si bubu, ni kiziwi, na tofauti hiyo naomba muwafundishe watu bila kuchoka kama nilivyochoka mimi. Ofisa alisema atakuja Zombe kujionea. Nikikosa zamu mara moja tu, uchifu unakwenda kwa Kilonzo, kijana mwenye masikio mawili mazima, ambaye tayari alikuwa amekariri maneno yangu yote. Mwalimu hakunificha. Alinikalisha chini akayatamka polepole mbele ya uso wangu, na macho yake yalikuwa mekundu.

Kisha mvua ikanyesha, mvua tuliyokuwa tumeiomba msimu mzima, ikachagua juma lile. Mto ukafurika. Lori lenye mbao na mapipa likabaki ng'ambo, sisi tukavuka kwa miguu maji yalipopungua, Syombua na ngoma yake kichwani. Uwanja wa soko ulikuwa matope matupu. Penye paa kubwa palikuwa mahali pamoja tu, ukumbi wa kanisa, na mwenye ufunguo alikuwa baba yangu.

Nilivua viatu mlangoni. Mwalimu akaruka pembeni. Sikusikia kitu. Nikamwashiria aruke tena, akaruka kwa nguvu zake zote mpaka kofia ikaanguka. Ilikuwa saruji, nene na mpya, kanisa lilikuwa limechanga miaka mingi kuimwaga na lilijivunia sana. Kwangu ilikuwa kama kusimama juu ya jiwe kaburini.

Baba akaja na ufunguo. Aliona ngoma kabla hajaniona mimi.

"Ukumbi mtapata," alimwambia Mwalimu. "Hiyo kitu ya Syombua hapana."

Mwalimu alimweleza kwamba ni ya mchezo tu, haina pepo, na kwamba mimi nisipokuwa nayo siwezi kazi. Alieleza sana, mikono inapepea. Nilikuwa nasoma midomo ya baba tu.

"Mimi naijua hiyo ngoma. Ilikula masikio ya kijana yangu. Haitaingia hapa kumalizia."

Tulitakiwa kuanza mchana mkuu, na muda ulikuwa umebaki mdogo. Kilonzo alikuwa amejitenga dirishani, midomo inacheza, anapitia maneno ya chifu. Sikumlaumu. Ndivyo na mimi ningefanya. Lakini nilijua kwamba nikivuliwa uchifu ule hakuna atakayenipa kazi nyingine ya jukwaani, kwa maana kila mtu atasema tulishajaribu.

Aliyeniokoa hapo ni Syombua. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliitoa ngoma nje, akaifunika kwa leso chini ya upenu, akarudi ndani anakagua mabenchi ya kanisa. Alikalia la kwanza, akalipiga kwa kisigino, akatikisa kichwa. Alikalia la pili. La tatu lilikuwa refu, limetengenezwa kwa ubao mmoja usio na kiungo. Akaniita nikalie kichwa cha huku, yeye akakaa kichwa cha kule, akapiga kisigino.

Nilimsikia mpaka kiunoni.

Tulibadilisha mchezo palepale. Chifu wangu siku zote alikuwa mtu wa kutembea huku na huku, kifua mbele. Sasa hatasimama hata mara moja. Tuliliweka benchi kwa urefu, kama linavyopitishwa mlangoni, kichwa kimoja kwa watazamaji ambako nitakaa mimi, kingine nyuma kwa waombaji ambako Syombua atakaa kama mmoja wao. Na hapa kuna ujuzi wa kuweka akilini: tulichomeka vitambaa chini ya miguu ya benchi, ili mtetemo usinywewe na saruji ukapotea. Mwalimu hakutaka tumwambie baba. Alisema kisigino si ngoma, na kwamba Bwana hajakataza visigino.

Watu wakajaa. Ofisa alikaa mbele, mguu juu ya mguu. Wazee wa kanisa walikaa kando, ukutani, na baba alikuwa miongoni mwao. Ukumbi ulikuwa wake, hakuwa na njia ya kuondoka. Ndiyo mara yake ya kwanza kuniona nikiigiza.

Zamu ya kwanza, kisigino kikapiga, nikajibu. Ya pili vile vile. Niliona watu wanavutika mbele, maana chifu aliyekaa kimya bila kusogea aliwatisha kuliko yule wa zamani. Nikaanza kupumua. Ndipo nikamwona baba ananyanyuka.

Alikuwa ameona mguu wa Syombua. Mnajua, mtu aliyepiga kilumi miaka yote hiyo hata kisigino chake kina mdundo wake, na baba aliutambua kwa masikio yake. Alichukua fimbo, akapita kando ya ukuta, akatoka nje ya macho yangu. Alikuwa anaelekea nyuma, kwenye kichwa kile cha benchi.

Nami siwezi kugeuka. Chifu anawapa watu mgongo.

Nilijua mjane ameanza, kwa kuwa wanawake wa mbele walikuwa wameinua leso machoni. Mjane aliigizwa na Ndinda, na Ndinda hakuwahi kulia kwa urefu ule ule mara mbili. Akiona watu wanalia naye, anaongeza. Kwa hiyo sikuweza kukisia. Nilishika ubao kwa viganja vyote viwili. Hapakuwa na kitu. Benchi limekufa. Nilimtazama Mwalimu, kofia iko gotini, uso wake umegeuka majivu, anatazama nyuma yangu. Ofisa ameshusha mguu. Kilonzo mlangoni ameacha kutafuna alichokuwa anatafuna. Jasho lilinitoka likaingia machoni na sikuthubutu kulifuta. Nilijiambia nigeuke sasa. Kisha nikajiambia ngoja. Kisha nikafikiri labda amemaliza zamani na wote wananingoja mimi.

Ubao ukagonga.

Halikuwa pigo la kisigino. Kisigino ni kizito na kina nyama. Hili lilikuwa kavu, jembamba, na nililijua kabla halijanifika kiunoni, kwa sababu lilikuwa limeniamsha kila asubuhi ya utoto wangu. Nikageuka.

Ndinda alikuwa amepiga magoti, mdomo ndio kwanza umefumba. Kando yake Syombua, mguu umeinuliwa juu, hajathubutu kuushusha. Na kati yao alisimama baba, fimbo yake imekanyaga benchi.

"Ghala limefungwa," nikasema. "Nendeni."

Ndinda aliniambia baadaye kwamba neno lake la mwisho lilikuwa bado mdomoni linaisha. Hakuna siku nyingine niliyogeuka vizuri hivyo. Syombua naye alinieleza yaliyopita nyuma. Baba alimfikia, akamwekea fimbo juu ya goti kumzuia. Syombua hakubishana. Alimwambia tu, "Huku ndiko anasikilia. Ukinizuia mimi, piga wewe."

Naye akapiga. Hakurudi ukutani. Alisimama pale hadi mwisho wa mchezo, Syombua akimwonyesha kwa kichwa, na kila zamu yangu iliyobaki ilikuja kwa fimbo. Watu walidhani ni mmoja wa waombaji. Wengine walimsifu kwamba ameigiza vizuri mzee mwenye njaa, na sijui kama alifurahi.

Ofisa hakusema mengi. Alimpa Mwalimu mkono na kumwambia uchifu ubaki na mwenyewe, na hilo benchi liende Nairobi nalo. Kilonzo alikuja kunipongeza, na alifanya hivyo kwa moyo, nampa haki yake. Niliendelea na kazi hii mpaka magoti yalipokataa, na tangu siku ile sikupanda jukwaa la saruji bila benchi.

Lakini kuna la mlangoni. Watu walikuwa wanatoka, mvua imeanza upya, baba amesimama na ufunguo anangoja kufunga. Nilipomkaribia alinitazama usoni, jambo alilokuwa ameliacha kwa miaka, akasema neno moja. Midomo ilifunga ikafunguka, ikafunga ikafunguka.

Niligeuka nyuma. Mama alikuwa nyuma yangu, anajifunga leso kichwani kwa ajili ya mvua. Nikaona basi anamwita mama. Nikasogea kando kumpisha.

Baba akatikisa kichwa. Alihamishia fimbo kwenye mkono wa ufunguo, akanishika mkono wangu, akatafuta kidole kile kile, akakiweka ubavuni mwa pua yake. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka na nikaogopa nitachanganya. Akangoja vitulie. Kisha akalirudia lile neno, polepole.

Pua haikutetemeka.